Hemingway Alipolala Ng'ambo ya Mto Rusizi

Asimamaye Kamembe na kutazama upande wa magharibi huiona Bukavu imejinyoosha ndani ya Ziwa Kivu mithili ya vidole vya mkono. Katikati ya miji hiyo miwili mto Rusizi hutoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Askari aliyepata kushika zamu ya usiku mpakani hapo anazifahamu vyema taa za ng'ambo. Lakini ni wachache wajuao kwamba mwezi Januari 1954, Cyangugu ilipokuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji, mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa duniani alilala katika mji huo wa ng'ambo, ambao Wabelgiji waliupa jina la Costermansville.

Bwana huyo alikuwa Ernest Hemingway, Mmarekani mwenye umri wa miaka 54. Alikuwa amemaliza miezi kadhaa ya kuwinda Kenya na Tanganyika, naye akaamua kumpa mkewe Mary zawadi ya Krismasi: kuzunguka kwa ndege ndogo ili aione Kongo kutoka angani. Rubani, Roy Marsh, aliwatoa Nairobi tarehe 21 Januari. Wakapita juu ya nyika na maziwa hadi kufika Kivu, wakalala, kisha wakaelekea kaskazini.

Hemingway alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Katika ujana wake aliwahi kuajiriwa na magazeti, lakini sehemu kubwa ya maisha yake hakupokea mshahara wa mwisho wa mwezi. Alikula kwa kurasa zilizonunuliwa. Hata safari hiyo ya Afrika iligharimiwa kwa sehemu na gazeti la picha la Look la Marekani, kwa ahadi kwamba ataliandikia. Mtu wa namna hiyo hana parapanda ya kumwamsha wala bwana mkubwa wa kumwuliza amechelewa wapi. Akilala hadi adhuhuri, hakuna atakayemshitaki ila tumbo lake na la watoto wake.

Kwa hiyo alijiwekea nidhamu kali, na hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha kwa wale wanaomjua kwa sifa ya ulevi tu. Tangu 1939 maskani yake yalikuwa Finca Vigía, nyumba iliyo juu ya kilima nje ya Havana, Kuba. Aliamka kunapopambazuka, kabla joto halijaingia na kabla wageni hawajabisha hodi. Aliandika kwa kusimama, mashine yake ya kupigia chapa ikiwa juu ya kabati la vitabu lililomfika kifuani, na mara nyingi alianza kwa kalamu ya risasi. Kwanza alisoma tena aliyoyaandika, ndipo akaendelea. Alipokatiza kazi alihakikisha kwamba anajua kitakachofuata, ili kesho yake asisimame mbele ya karatasi tupu kama mtu aliyepotea njia.

Kila siku aliyahesabu maneno yake na kuyaandika katika chati iliyobandikwa ukutani. Mwandishi George Plimpton, ambaye mahojiano aliyofanya naye yalichapishwa katika gazeti la Paris Review mwaka 1958, aliiona chati hiyo: 450, 575, 462, 1,250. Siku zenye hesabu kubwa zilikuwa zile alizofanya kazi ya ziada, ili kesho aende kuvua samaki baharini bila ya kusutwa na dhamiri. Karani yeyote wa serikali ataielewa hesabu ya namna hiyo.

Kazi ilipokwisha, yapata adhuhuri, ndipo bilauri ilipopata nafasi. Hemingway alivipenda vile vinywaji vya kuchanganywa viitwavyo kokteli, naye alivipenda kama fundi apendavyo vyombo vyake: kipimo kilikuwa kipimo na barafu ilikuwa barafu. Katika baa ya Floridita mjini Havana alikunywa daiquiri, kinywaji chenye jina la kijiji cha machimbo karibu na Santiago de Cuba. Asili yake ni ramu, maji ya ndimu, sukari na barafu. Mwenye baa, Constantino Ribalaigua, alimtengenezea ya peke yake: ramu maradufu, maji ya ndimu na ya balungi, matone machache ya maraskino, ambayo ni pombe ya cheri, na barafu iliyosagwa. Sukari aliikataa.

Mama wa nyumbani anayetaka kuionja ladha hiyo bila ya kilevi na achukue ndimu mbili na nusu ya balungi, akamue, achuje, kisha atie barafu iliyopondwa. Kwa watoto aongeze kijiko cha asali. Rusizi haina upungufu wa matunda. Wala watu wake si wageni katika sanaa ya kuchanganya: aliyekamua ndizi mbivu kwa majani, akatia unga wa mtama uliokaangwa na kungoja urwagwa iive, anajua kwamba kinywaji kizuri hakifanywi kwa pupa.

Turudi kwenye ndege. Tarehe 23 Januari, karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Marsh alijaribu kukwepa kundi la ndege wa porini, akagonga waya wa simu uliotelekezwa, na ndege ikaanguka. Wakalala porini kando ya Nile, tembo wakiwa jirani. Kesho yake mashua iliwachukua hadi Butiaba, na hapo wakapanda ndege ya pili, ambayo iliwaka moto kabla haijaruka. Hemingway alitoka kwa kuuvunja mlango kwa kichwa chake. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake, naye akapata nafasi adimu ya kuzisoma tanzia zake mwenyewe. Kisha magazeti yayo hayo yakaandika kwa furaha kwamba alitokea msituni ameshika chane ya ndizi na chupa ya jin.

Chane na chupa zilichekesha wengi. Yaliyokuwa ndani ya mwili hayakuchekesha: fuvu lilipata ufa, uti wa mgongo ulibanwa, ini, wengu na figo viliumia. Baadaye, akiwa Shimoni katika pwani ya Kenya, akaunguzwa tena na moto wa nyika. Mwezi Oktoba mwaka ule alipewa Nishani ya Nobel ya fasihi, lakini hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Tangu hapo bilauri ilibadilika kazi. Ile iliyokuwa ujira wa asubuhi njema ikawa dawa ya maumivu, na mpaka aliouweka baina ya kalamu na chupa ukafifia. Madaktari walimkataza pombe kali kwa ajili ya ini na shinikizo la damu. Alitii kwa muda, akarudia. Februari 1961 aliombwa aandike sentensi chache tu kwa ajili ya kitabu cha kumtunukia Rais Kennedy. Alishinda mezani saa nyingi, maneno yasije, akatokwa na machozi mbele ya daktari wake. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Marekani.

Nyumba ya Finca Vigía sasa ni makumbusho, na mashine ya kupigia chapa ingalipo juu ya kabati la vitabu. Katika baa ya Floridita imewekwa sanamu yake ya shaba nyeusi, imeegemea kaunta. Wageni hupiga foleni ili wapigwe picha pamoja na sanamu hiyo, bilauri mkononi.