Ndege ya Mgonjwa na Bima ya Mnyonge

Mnamo tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka kiwanja cha Voi, na punde si punde ikaanguka na kuteketea. Rubani wake, Mwingereza Denys Finch Hatton, alifariki pamoja na mtumishi wake, Kamau. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong na sifa zake zimejaa vitabuni. Habari za Kamau ni za kuokoteza. Mwalimu wa historia angefanya vyema kuwauliza wanafunzi wake ni kwa nini.

Swali hilo halijazeeka. Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya AMREF Flying Doctors, huduma iliyoasisiwa mwaka wa 1957, iliondoka uwanja wa Wilson ikielekea Hargeisa, ikaanguka Mwihoko, kaunti ya Kiambu. Wote wanne waliokuwamo walikufa, na watu wawili waliokuwa ardhini pia. Hao wawili hawakuwa abiria. Mkataba wa Montreal wa 1999 humlinda msafiri wa kimataifa. Aliyeangukiwa na ndege akiwa katika shughuli zake hutegemea sheria za nchi na bima ya mwenye ndege. Je, ni wangapi miongoni mwetu wajuao bima hiyo hudaiwa wapi?

Aidha, wachunguzi wa ajali za ndege wangali chini ya wizara ile ile inayoisimamia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Mchunguzi hana budi kuwa huru, maana huenda kosa likawa la mdhibiti mwenyewe.

Sisi wa Voi tunaishi kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako malori na mabasi hugongana na majeruhi wa kichwa hawezi kungoja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 nayo iliunda hazina ya dharura na maradhi mahututi. Basi na ielezwe kinagaubaga: ndege italipiwa kwa jeraha lipi, na ni nani atakayetoa idhini saa nane za usiku? Mwenye kadi ya kampuni ya bima hupiga simu moja tu. Mkulima wa Mwatate huanza kwa kuwaamsha jamaa zake wachange.