Ukanda wa nyuma, breki ambayo punda wengi hawana

MKOKOTENI wa punda uliobeba mitungi 15 ya maji, kila mmoja wa lita 20, hukaribia uzani wa kilo 400 ukijumlisha mbao na magurudumu. Kwenye barabara tambarare punda mwenye afya huumudu. Mambo hugeuka mteremko unapoanza. Barabara ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, mkokoteni huo humsukuma mnyama kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, nao aghalabu hauna breki.

Kazi ya kuuzuia ni ya ukanda wa nyuma, yaani mshipi mpana unaozunguka makalio ya punda na kufungwa kwenye miti miwili iliyo ubavuni mwake. Punda akipunguza mwendo, mkokoteni huja mbele, ukanda hukaza, naye huukalia kwa misuli minene ya mapaja. Pasipo ukanda huo, mzigo huishia shingoni na mgongoni, mahali penye mifupa na ngozi nyembamba. Ndipo vidonda huanzia, na punda mwenye kidonda hamletei mwenyewe riziki.

Kosa kubwa zaidi ni kumvisha punda nira ya ng'ombe. Fahali ana nundu ya kuisukuma nira anapovuta, na pembe za kuizuia isimpite kichwani anapoteremka. Punda hana nundu wala pembe.

Kanda hizi zina mitindo kadhaa. Ulio kamili huning'inizwa kwa mishipi inayopita juu ya kiuno, hivyo hubaki mahali pake mnyama anapotembea. Mtindo wa pili ni ukanda uliofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, nyuma ya mnyama, bila kumgusa mgongoni. Huu ni rahisi na nafuu, ila kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili miti hupanda na kushuka, na ukanda hupanda na kushuka nayo. Kwa mizigo mizito na barabara za milimani, wa kwanza ndio unaofaa.

Punda wawili wanaovuta mti mmoja wa katikati huhitaji mpango tofauti. Mishipi hutoka kwenye ukanda wa nyuma, hupita chini ya tumbo na kuunganishwa na ncha ya mbele ya mti. Wakirudi nyuma, mti nao huvutwa nyuma.

Hata ukanda mzuri hudhuru ukifungwa vibaya. Ukiwa juu mno hupanda hadi chini ya mkia. Ukiwa chini mno huivuta miguu ya nyuma, na punda anaweza kuanguka. Mahali pake ni chini kidogo ya mfupa wa kalio. Punda anapovuta kwenye tambarare, kiganja cha mkono kipite kati ya ukanda na mwili, la sivyo utamchubua kila hatua. Upana wa vidole vinne unatosha. Turubai au gunia lililoshonwa mara kadhaa hufaa. Kamba ya nailoni na vipande vya tairi haviifai ngozi.

Punda asiyeuzoea ukanda huo huweza kushtuka na kurusha mateke. Siku za kwanza atembezwe nao bila mkokoteni, kisha na mkokoteni mtupu, kabla ya kuteremka na mzigo.