Ukiona Vyaruka, Jua Vimeundwa

Ndege ndogo iliyoruka vyema Mombasa, ambako uwanja wake haukupishana sana na maji ya bahari, si ndege ile ile ifikapo Shirere, katika mji wa Kakamega. Rangi ni hiyo, injini ni hiyo, na rubani ni huyo huyo. Kilichobadilika ni hewa. Shirere iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Joto la mchana likipanda hadi digrii 28, hewa hiyo huwa kama ya mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,300. Hapo injini ya kawaida hupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake, bawa hukosa cha kushika, na ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi ndipo iinuke.

Twayaeleza haya kwa sababu ya vijana wetu. Zaidi ya mara moja magazeti ya Kenya yamesimulia habari za kijana aliyejiundia ndege uani kwao, kwa mabati, mabomba na injini ya pikipiki au ya gari. Watu hukusanyika, picha hupigwa, na kila mmoja huuliza: Je, itaruka? Rubani haulizi hivyo. Yeye huuliza: Je, itatua?

Swali hilo ni la kale. Al-Maqqari, mwanachuoni wa karne ya 17, amesimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyeishi karne ya 9. Mtu huyo alijivika manyoya, akajifanyia mbawa, akaruka kitambo hewani. Lakini aliposhuka aliumia mgongo, kwani alisahau kwamba ndege wa Mungu hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujifanyia. Ujuzi wote aliutia katika kupaa, kushuka hakukukumbuka.

Siku hizi ziko ndege ambazo kiwanda huuza kwa vipande, pamoja na michoro yake, na mnunuzi akaziunga mwenyewe kwake. Huko Marekani sheria humtaka aliyeiunda afanye zaidi ya nusu ya kazi kwa mkono wake. Richard VanGrunsven alianzisha kampuni yake ya Van's Aircraft mwaka 1973, na ndege zaidi ya 11,000 za michoro yake zimekwisha kuruka. Je, marubani hutaka nini katika ndege mpya ya namna hii?

Sisi watu wa pwani twalijua jibu lake. Fundi wa Matondoni hashiki tezo kabla ya kuuliza: chombo hiki ni cha mzigo gani, na kitapita maji gani? Mashua ya kupita mikokoni si jahazi la kwenda Uarabuni. Ndege nayo ni vivyo hivyo.

La kwanza, rubani wa viwanja vya nyasi na udongo hutaka ndege inayoweza kwenda polepole bila ya kuanguka. Kila bawa lina mwendo wake wa mwisho, na chini ya hapo haliwezi tena kuibeba ndege. Zenith CH 701, aliyoichora Chris Heintz katika miaka ya 1980, hubaki hewani hata kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Hata Van's, waliosifika kwa ndege za mbio zenye bawa la chini, Julai 2022 walionyesha huko Oshkosh ndege yao RV-15, yenye bawa juu, kwa ajili ya viwanja visivyotiwa lami. Bawa likiwa juu, rubani huiona ardhi vizuri, na vichaka havilifikii kwa urahisi.

La pili ni mzigo, na hapa hesabu haidanganyi. Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 160. Lita 90 za petroli ni kilo 65 hivi. Jumla ni 225. Basi ndege iitwayo ya watu wawili, na uwezo wake ni kilo 220 tu, imekwisha kuzidiwa kabla hujapakia hata mkoba.

La tatu ni mafuta. Petroli maalumu ya ndege haipatikani katika kila mji. Ndiyo maana injini za Rotax za Austria zimependwa sana, kwani nyingi katika hizo hukubali petroli ya magari.

La nne, kila kitu kiwe mahali pake. Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alikufa katika bahari ya California, akiendesha ndege ya aina ya Long-EZ iliyoundwa na mtu mwingine. Aliyeiunda aliihamisha swichi ya kubadilisha tangi la mafuta, akaiweka nyuma ya bega la rubani, kinyume cha mchoro. Wachunguzi walieleza kwamba jambo hilo lilichangia ajali. Mchoro ulikuwa salama. Mkono ndio uliouacha.

La tano ni kiwanda chenyewe. Ndege huchukua miaka kuundwa, na mwenye nusu ya ndege na kiwanda kilichofungwa ana nini mkononi? Hata Van's, pamoja na sifa zao zote, Desemba 2023 waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, baada ya hasara na kasoro za vipande vilivyokatwa kwa miali ya leza. Wakasimama tena mwaka 2024, lakini wateja walipata hofu kubwa.

Asidhani msomaji kwamba twawakataza vijana. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, 20 kwa idadi, waliunga wenyewe ndege ya watu wanne aina ya Sling 4, kwa vipande vya kiwanda cha Johannesburg. Wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, masafa ya kilomita 12,000 hivi, na njiani wakafika hata Zanzibar. Walikuwa na mchoro uliokwisha kujaribiwa, mafundi wa kuwaongoza, na mafunzo ya urubani.

Kijana wa Shirere hana upungufu wa akili wala wa mkono. Akitaka kuunda, na aanze na mchoro uliowahi kutua salama mara nyingi. Aiite Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kabla ya kufunga ribiti ya kwanza, si baada ya umati kukusanyika. Na afanye hesabu zake kwa hewa ya Kakamega, si kwa hewa ya Mombasa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwa chombo cha angani twaongeza neno moja: na vimepimwa.