Daftari, Usingizi na Mashaka ya Moyo

Je, umepata kuamka usiku wa manane, na hakuna kilichokuamsha ila mambo ya kesho? Franga za masomo ya mtoto. Deni la jirani. Shamba lisilopaliliwa. Unageuka upande huu, nayo yanageuka pamoja nawe. Asubuhi unafika hospitali na kusema, “Kichwa kinauma, mwili umechoka, nipeni dawa.” Tunapima damu, malaria hatuioni. Kidonge kitatuliza kichwa kwa saa chache, lakini mzigo utabaki.

Akili ya mtu hailali vizuri juu ya jambo lisilo na siku wala njia ya kufanywa. Inaliita tena na tena ili lisisahauliwe. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walitangaza majaribio yao juu ya neno hili. Watu waliokuwa na kazi isiyokwisha walisumbuliwa nayo hata walipokuwa wakisoma habari nyingine. Lakini wale walioambiwa wapange wazi namna watakavyoifanya hawakusumbuliwa vile tena, ingawa kazi ilikuwa ingali palepale. Angalia sana: kilicholeta utulivu hakikuwa kumaliza, bali kupanga.

Tena, mwaka 2018, watu wa Chuo Kikuu cha Baylor, huko Texas, walitoa habari za vijana 57 waliolala katika chumba cha kupimia usingizi. Mbele ya taa kuzimwa, kila mmoja aliandika kwa dakika 5. Nusu yao waliandika mambo yaliyobaki kufanywa, wengine mambo waliyokwisha kumaliza. Ungedhani hawa wa pili ndio waliolala upesi, maana ni furaha kuhesabu kazi iliyokwisha. Sivyo. Walioandika mambo ya mbele waliwatangulia kulala kwa dakika 9 hivi, na aliyeandika wazi zaidi alilala upesi zaidi. Dakika 9 si nyingi, wala vijana 57 si mji mzima. Lakini daftari la shule halina bei kubwa, wala halidhuru tumbo.

Basi, jioni, ungali umeketi, andika. Usiandike “shamba” tu. Andika, “Alhamisi asubuhi, kuazima jembe kwa shemeji.” Mama asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule amwandikie, kisha amsomee asubuhi.

Lakini kuna jambo moja ambalo daftari peke yake haliliwezi, nalo ni woga. Mtu anakohoa kwa majuma matatu. Ameandika “kwenda hospitali,” na kila Jumapili analihamisha kwenye juma linalofuata. Watu wa nyumbani wanamwita mvivu. Mimi sikubali. Mwaka 2013 Sirois na Pychyl waliandika kwamba kuahirisha mara nyingi ni njia ya kukimbia uchungu wa moyo kwa saa hiyo tu. Mtu huyu anaogopa kusikia neno “kifua kikuu.” Akiahirisha, anapata raha ya siku moja, huku wadudu wa ugonjwa, kama wamo, wanamla mapafu na kuwafikia watoto wanaolala naye. Huyu asiongeze mistari katika daftari. Amwambie mke wake au dada yake mkubwa, “Naogopa.” Kisha waandike pamoja: “Jumatatu, saa moja asubuhi, twende wote wawili kutoa makohozi.” Aliyekohoa kwa majuma mawili au zaidi, imempasa kupimwa. Na kifua kikuu kinaponywa. Kwa wengi dawa ni za miezi 6.

Nimeona pia watu ambao daftari limegeuka kuwa hakimu. Wanaandika mambo 20, wanafanya 4, na usiku wanajihukumu kwa yale 16. Andika machache. Lisilowezekana juma hili, lipe juma lake.

Wala usimpe mfiwa daftari. Kilio kina wakati wake, nasi hukaa naye. Lakini kama kwa majuma mawili hulali, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda hayakufurahishi, njoo umweleze muuguzi hayo yote, si kichwa tu. Na kama wazo la kujiua limekujia, usingoje majuma mawili, wala usije peke yako: amsha mtu wa nyumbani akulete, hata usiku.