Chanuo la moto: Nywele zikishaungua, dawa ni mkasi

DESEMBA inapowadia, saluni za Matiliku hujaa. Wenyeji wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa hushuka Emali, wakaiacha barabara kuu na kupanda gari la kwenda nyumbani, na wengi wao hupitia kwa msusi kabla hata ya kuwasalimu wazee. Katika msimu kama huo, miaka michache iliyopita, binti ya mjomba wangu aliketi kwenye kiti cha saluni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wasomaji waliosomea shule zetu za umma hawatashangaa. Msichana hukaa miaka minne akinyolewa kwa amri ya shule, na siku anayokabidhi karatasi ya mwisho ya mtihani ndiyo siku anayoanza kuzifuga nywele. Binti huyu alikuwa amezifuga kwa mwaka mzima. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo alikuwa na sentimita 12 hivi, nyeusi, nzito, zilizojikunja vizuri. Ila yeye alizitaka za singa, kwa ajili ya harusi ya kaka yake.

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea. Msusi aliweka chanuo la chuma juu ya jiko la makaa, akazipaka nywele mafuta mazito na kuanza kuvuta. Nywele zilikuwa zimeoshwa muda mfupi tu uliopita na hazijakauka hadi ndani. Nilisikia zikichirizika kama nyama inayowekwa kikaangoni, na moshi ukapanda. Sote tuliokuwa pale, mimi nikiwemo, tulidhani ndivyo inavyokuwa. Alitoka akiwa amependeza kweli, na picha za harusi zipo.

Wiki moja baadaye aliziosha. Sehemu ya karibu na ngozi ilijikunja tena kama zamani, lakini kuanzia katikati hadi nchani zilibaki zimening'inia kama nyuzi za nailoni. Za mbele zilikatikia kwenye kitana. Na utosini kulikuwa na kidonda kilichokauka, kikubwa kama sarafu ya shilingi kumi, ambacho alikuwa amekificha kwa sababu hakutaka kuambiwa kwamba urembo umemponza.

Mama yake alimpaka yai bichi. Jirani akaleta parachichi. Mwingine akamshauri anunue mafuta fulani ya bei ghali Nairobi, ambayo tuliambiwa kwamba yanafufua nywele.

Hazifufuki

Hapo ndipo penye kosa ambalo hula pesa za akina dada wengi. Unywele ulio hai ni ule wa chini ya ngozi tu, kwenye shina lake. Unaouona na kuuchana umekwisha kufa. Hauna damu wala neva, na ndiyo maana kuukata hakuumi. Kitu kilichokufa hakiponi jinsi ngozi iliyochanika inavyopona.

Unywele umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo iliyomo pia kwenye kucha zetu na kwato za ng'ombe. Nyuzi za protini hiyo hushikana kwa viungo vya aina mbili vinavyotuhusu hapa. Kuna viungo dhaifu, ambavyo huachana unywele unapolowa na kushikana upya unapokauka. Hivyo ndivyo joto la kiasi hucheza navyo: unazinyoosha, zinakaa siku kadhaa, kisha mvua au jasho likizipata zinarudi zilivyokuwa. Halafu kuna viungo imara vya salfa, na hivyo ndivyo dawa ya kulainisha huvunja moja kwa moja.

Joto likizidi, mambo hubadilika. Magamba madogo yanayoufunika unywele, yaliyopangana kama vigae vya paa, hupasuka na kuinuka. Protini yenyewe huharibika umbo, kama ute wa yai unavyobadilika kikaangoni. Nani amewahi kulirudisha yai la kukaanga likawa bichi?

Na nywele mbichi huathirika zaidi. Maji yaliyomo ndani ya unywele hugeuka mvuke, na kwa kuwa hayana pa kutokea, hufanya mapovu ndani ya unywele wenyewe. Ukiutazama kwa hadubini utaona matundu kama ya sponji, na hapo penye tundu ndipo utakapokatikia. Madaktari wa ngozi wameeleza kwamba koleo la moto la nyuzijoto 125 tu za Selsiasi, likishikiliwa hapo kwa dakika moja, linatosha kuleta mapovu hayo. Nywele zilizokauka kabisa huvumilia zaidi, hadi kukaribia nyuzi 200 na kitu, ingawa si mara nyingi. Makaa yaliyowaka vizuri hupita nyuzi 600. Chuma kilicholala juu yake kwa dakika chache hakina mtu anayejua kimefika wapi.

Sauti ile tuliyoisikia saluni, basi, ilikuwa ya maji yakichemka.

Kinachoweza kufanywa

Kwanza, jua ukubwa wa hasara. Osha nywele bila kupaka kitu chochote, kisha uangalie zinavyokauka zenyewe. Zinazojikunja ni nzima. Zilizolala na kukataa kujikunja hata baada ya kuoshwa mara tatu au nne zimeungua, na hazitajikunja tena.

Wengine huzikata zote siku hiyo hiyo na kuanza upya. Ni njia ya haraka, na wenye uso wa kuchukuana na nywele fupi hawapotezi kitu. Asiyetaka kukata anaweza kupunguza ncha sentimita moja au mbili kila baada ya miezi miwili, huku mpya zikisukuma kutoka chini. Kwa nywele za sentimita 12, kazi hiyo huchukua mwaka hivi. Muda huo wote mpaka kati ya nywele nzima na zilizoungua ndio huwa mahali dhaifu kuliko pote. Zitenganishe kwa vidole kwanza, zikiwa zimelowa na zina kondishena, kisha tumia chanuo lenye meno mapana ukianzia nchani na kupanda juu.

Kondishena yenye protini husaidia, maana chembe zake ndogo huingia kwenye mianya ya unywele na kuushikiza kwa muda. Ni kiraka, kitatoka baada ya kuoshwa mara kadhaa nawe utakiweka tena. Ukizidisha protini nywele hukauka na kuwa ngumu kama waya, kwa hivyo mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha. Mafuta ya nazi yana sifa yake ya kweli: huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Mafuta ya mbarika, ambayo bibi zetu wa Ukambani waliyajua kabla ya duka lolote la vipodozi, ni mazito mno kuingia ndani, lakini hufunika magamba yaliyoinuka na kuzuia unyevu usitoroke.

Yai na parachichi? Chembe za protini za yai bichi ni kubwa mno, haziwezi kuingia ndani ya unywele. Hukaa juu na kuzifanya zing'ae kidogo, basi. Kwa bei ya parachichi la siku hizi, ushauri wangu ni ulile.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa Nairobi hawalifikirii lakini wa Makueni watalielewa mara moja, nalo ni maji. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na utando mweupe hubaki kwenye sufuria, na kwenye nywele pia. Nywele zilizoungua, ambazo tayari zina nyufa, huyanywa maji hayo na kubaki kavu na za kukwaruza. Anayevuna maji ya mvua ya Novemba na Desemba kutoka kwenye mabati aweke lita mbili tatu kando kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Tofauti utaihisi kwa vidole.

Uzi mweusi

Hakuna anayewakataza wanawake kunyoosha nywele, na binti yetu hakuwa na kosa kwa kuzitaka za singa siku ya harusi. Swali ni njia.

Njia salama kuliko zote imo vichwani mwa mama zetu. Nywele zilizolowa kidogo na kupakwa mafuta hugawanywa mafungu, kila fungu likazungushiwa uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, mtu akalala nazo hadi asubuhi. Wengi wetu tulisukwa hivyo utotoni na kuchekwa shuleni, na baadaye tukaikimbia mitindo hiyo kwa kuiona ya kishamba. Lakini tazama kinachotokea: vile viungo dhaifu vinaachana kwa maji, nywele inakauka ikiwa imevutwa, na viungo vinashikana upya ikiwa imenyooka. Ni kazi ile ile ya chanuo la moto, bila moto. Nywele hazitakuwa za singa kabisa, bali zitarefuka na kulainika. Uzi usikazwe hadi ngozi ivutike, kwa sababu mvuto wa kila siku nao hung'oa nywele za kwenye kipaji.

Anayetaka zaidi ya hapo anaweza kumalizia kwa pasi ya stima, na zikiwa zimeshanyooshwa kwa uzi atahitaji joto dogo tu. Chagua pasi yenye namba za joto. Ile yenye taa moja tu ya kuonyesha kwamba imewaka ni ya kubahatisha sawa na makaa. Nywele nyembamba au zilizowahi kuungua zisipite nyuzi 150, na zile nzito zisipite 180. Ziwe zimekauka hadi ndani, na pasi ipite mara moja kwenye kila fungu, bila kusimama mahali pamoja. Si kazi ya kila wiki.

Na chanuo la makaa? Ningependa kusema liachwe, lakini najua kuna mitaa ambako stima hukatika kila Jumamosi. Basi msusi alijaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba au karatasi ya chooni: ikibadilika rangi au kunuka, chanuo lipoe. Nywele zisipakwe mafuta mengi, kwa kuwa yakiyeyuka hutiririka hadi kwenye ngozi yakiwa moto. Mlango na dirisha viwe wazi, maana gesi ya monoksidi ya makaa haina harufu, na katika kibanda kilichofungwa humdhuru msusi kabla ya mteja.

Kidonda cha utosini

Mjomba hakujali nywele hata kidogo, ila kidonda kilimtia wasiwasi, na tukampeleka bintiye katika hospitali ya pale pale Matiliku. Kilisafishwa, akapewa dawa ya kupaka na kuonywa asitie mafuta ya saluni. Kilipona na nywele zikaota isipokuwa sehemu ndogo, upana wa kunde.

Sehemu hiyo ina kovu, na kovu halina mashina ya nywele. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa wanawake weusi kupoteza nywele utosini huku ngozi ikibaki na makovu, wakalilaumu chanuo la moto na mafuta yake. Baadaye ilionekana kwamba hata wanawake wasiotumia chanuo hupata, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba kwa baadhi yao kuna hitilafu katika jeni iitwayo PADI3. Kwa hivyo chanuo si mshtakiwa pekee. Hata hivyo dalili ni za kukumbukwa: utosi unaowasha, unaochoma au kuuma ukiguswa, na nywele zinazopungua kutoka katikati kwenda nje. Ukiziona muone daktari wa ngozi mapema, mashina yakiwa bado yapo. Kufunika kwa nywele za bandia humpa ugonjwa nafasi.

Baada ya yote hayo kulikuwa na mtu aliyemshauri binti yetu ahamie kwenye dawa. Nilipinga. Dawa nyingi kali za kulainisha zina sodiamu haidroksaidi, kemikali ile ile inayozibua mabomba, na kuiweka juu ya nywele zilizoungua ni kuzimaliza. Zile za keratini zinazopigwa pasi mara nyingi hutoa mvuke wa fomaldehaidi, ambayo tangu 2004 imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani. Soma kibandiko: huandikwa formaldehyde, formalin au methylene glycol. Isitoshe, uchunguzi wa Marekani uliotolewa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikadiria kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha, 1.64 katika kila 100 hupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70; kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, idadi ilikuwa 4.05. Si uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyoleta, na bado idadi ni ndogo, lakini mimi mwenyewe niliacha mwaka huo.

Ncha za mwisho zilizoungua alizikata mwenyewe, kwa mkasi wa kushonea wa mama yake, miezi kumi na minne baada ya harusi. Desemba iliyofuata alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mama yake nyuma yake na bobini ya uzi mweusi mkononi.