Barabara yetu itapanuliwa lini? Safari ya ombi la fedha kutoka Nyololo hadi Dodoma

Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako kwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, unapita Nyololo, Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Igowole, Kibao na Mtwango, kwenye mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Malori ya mbao, magari ya chai mbichi, mabasi na bodaboda hukutana kwenye makutano hayo. Mvua za masika zikishika kasi, swali la wananchi huwa moja: barabara hii na madaraja yake vitapanuliwa lini, na fedha zitatoka wapi?

Swali hilo huulizwa kwenye mikutano ya vijiji kila mwaka. Mara nyingi ombi hukwama kwa sababu limepelekwa kwenye mlango usio wake. Makala haya yanaeleza milango hiyo na namna ya kuibisha hodi.

Kwanza: barabara ni ya nani?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezigawa barabara zetu katika makundi mawili. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi, na msimamizi wake ni Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, yaani zile za mijini, za kuunganisha kata na za vijijini, zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi Julai 2017 chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI.

Kwa hiyo mkazi wa Nyololo anaweza kuvuka barabara za wakala wawili kabla ya kufika sokoni. Lami anayoikanyaga kwenye barabara kuu ni ya TANROADS, na kinjia cha magari kinachokwenda kijijini kwake ni cha TARURA. Ombi la kupanua daraja kwenye barabara kuu likipelekwa kwa meneja wa TARURA wa wilaya, atalisikiliza kwa heshima, lakini hana fungu la kulitekeleza.

Barabara ya wilaya inaweza kupandishwa hadhi ikawa ya mkoa. Ombi hilo hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, kisha hufika kwa Waziri wa Ujenzi, ambaye ndiye mwenye uamuzi.

Pili: ni matengenezo au ni maendeleo?

Kila anayenunua petroli au dizeli, hata wa bodaboda, huchangia Mfuko wa Barabara kupitia tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Wengi huuliza: kama tunachangia, mbona daraja letu bado ni la gari moja?

Jibu liko kwenye sheria. Kwa msingi wake, asilimia 90 au zaidi ya fedha za Mfuko wa Barabara ni za matengenezo na dharura: kuziba mashimo, kuchonga barabara, kuzibua mitaro na makalvati, kurejesha mawasiliano baada ya mafuriko. Kazi ya maendeleo hupata sehemu ndogo tu. Kupanua barabara au kujenga daraja jipya ni maendeleo, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha zake lazima itafutwe kwenye bajeti ya maendeleo ya Serikali Kuu, kwenye ruzuku inayopelekwa kwa halmashauri, au kwenye mkopo wa nje.

Mifano ipo jirani. Jijini Mbeya, upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29, uliingia kupitia bajeti ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za ndani ya jiji hilo zimo kwenye mradi wa TACTIC wa miji 45, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hapa Mufindi, barabara ya Mtili hadi Ifwagi, kilometa 14, ilipata nafasi kwenye mradi wa RISE, nao wa mkopo wa Benki ya Dunia, ikiwa chini ya TARURA. Hizo ni barabara za eneo moja la nchi, lakini kila moja imepita mlango wake.

Tatu: mradi uko kwenye karatasi?

Hakuna anayetoa fedha kwa daraja lililoelezwa kwa maneno matupu. Kinachotakiwa ni upembuzi yakinifu, usanifu wa kina na makadirio ya gharama. Wahandisi huhesabu magari yanayopita, hupima udongo na kiasi cha maji mtoni, kisha huchora. Barabara ikipanuliwa huku daraja likibaki jembamba, msongamano huhamia darajani, na ajali nazo huhamia hapo. Ndiyo maana barabara na madaraja yake husanifiwa kwa pamoja.

Kwa barabara za vijijini, njia ya gharama nafuu ipo. TARURA imekuwa ikijenga madaraja ya mawe sehemu mbalimbali nchini, kwa kutumia mawe ya eneo husika na mafundi wa hapo hapo.

Kalenda ya ombi

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini ombi linaloletwa Mei limeshachelewa. Safari huanza kwenye mkutano wa kijiji, ambako kipaumbele huandikwa kwenye muhtasari. Kisha huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani na mkoani. Mwongozo wa bajeti hutolewa mwishoni mwa mwaka, halmashauri hupitisha mipango yao miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, na Bunge huketi Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni.

Muhtasari wa kijiji ndio ushahidi kwamba ombi lilikuwepo. Diwani na mbunge wakiwa nao mkononi, wana cha kusimamia.

Nyumba yako iko mita ngapi kutoka barabarani?

Upanuzi una upande wa pili. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Baada ya sheria ya 2007 na kanuni zake za 2009, imekuwa mita 30. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huwekewa alama ya X nyekundu na hubomoa bila fidia. Aliyekuwepo kihalali kwenye lile eneo lililoongezwa huwekewa X ya kijani, na anastahili fidia eneo likihitajika.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa. Ikichelewa, riba huongezwa, na ikipita miaka 2 uthamini hurudiwa. Tunza hati, risiti, barua ya serikali ya kijiji na nakala ya fomu ya uthamini uliyosaini. Na kabla ya kuongeza kibanda mbele ya duka, pima kwanza kutoka katikati ya barabara.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji, basi, anza na maswali matatu: barabara hii ni ya nani, kazi tunayoomba ni ya matengenezo au ya maendeleo, na usanifu wake umefikia wapi? Kisha hakikisha mtendaji ameandika majibu kwenye muhtasari.