Kipindupindu: Ugonjwa wa Maji Unaotibiwa kwa Maji

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu kwa maelfu. James Christie, daktari Mskochi aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini Zanzibar, alitaka kujua kimetokea wapi. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akaunganisha habari zao, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya uchunguzi huo. Kwa mujibu wake, ugonjwa ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita bara hadi nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani, kisha ukavushwa na vyombo hadi Unguja.

Kila hatua ya safari hiyo, kipindupindu kilibebwa na binadamu. Ndivyo kilivyo hata leo.

Bakteria wanaokisababisha hutoka katika kinyesi cha aliyeambukizwa. Mvua kubwa ikijaza choo cha shimo, uchafu huo hutiririka kisimani au mtoni. Bomba la maji lililopasuka karibu na mfereji wa majitaka huuvuta ndani. Nzi huupeleka kwenye chakula kisichofunikwa, na mikono isiyooshwa huufikisha kinywani. Dalili hujitokeza baada ya saa chache hadi siku 5. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, lakini vinyesi vyao hueneza ugonjwa bila wao kujua. Ndiyo maana mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliweza kusambaa katika mikoa mingi ya Tanzania.

Anayeugua sana huharisha majimaji meupe, mfano wa maji yaliyooshewa mchele, na kutapika. Sumu ya bakteria huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Macho hudidimia, ngozi ikifinywa hairudi upesi, mkojo hukauka. Asipotibiwa, mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Akitibiwa mapema na ipasavyo, vifo huwa chini ya mtu 1 katika kila wagonjwa 100.

Tiba yenyewe ni kurudisha kilichopotea. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, nchini India, na kipindupindu kikawaandama. Dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Mchanganyiko uliwekwa kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Sukari ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata.

Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zilizopo leo kwenye zahanati na maduka ya dawa zimejengwa juu ya maarifa hayo. Zikikosekana, lita 1 ya maji salama huchanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mgonjwa hunywa kidogo kidogo, hata kama anatapika, huku akipelekwa kituo cha afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji dripu mara moja. Antibiotiki hutolewa na mhudumu wa afya kwa wagonjwa mahututi. Si dawa ya kujinunulia.

Kinga huanzia chooni na jikoni: kutumia choo, kunawa kwa sabuni, kuchemsha maji au kuyatia klorini, kuyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na kula chakula kingali moto. Anayefariki kwa kipindupindu aoshwe na kuzikwa kwa maelekezo ya maofisa wa afya, kwa sababu msiba na chakula chake vinaweza kuzaa wagonjwa wapya. Chanjo ya kunywa ipo, lakini kwa sababu ya uhaba wake duniani, Oktoba 2022 kampeni za dharura zilianza kutoa dozi 1 badala ya 2.

Hata hivyo, familia haiwezi kujichimbia mtandao wa majitaka wala kukarabati mabomba ya mji. Hiyo ni kazi ya halmashauri na mamlaka za maji, na wananchi wana haki ya kuidai kabla mvua hazijaanza. Nyumbani, weka pakiti za ORS. Mtu akianza kuharisha majimaji mfululizo, mnyweshe na umpeleke kituoni saa hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke.